Wazazi, mtoto wa miaka mitatu akirudi nyumbani na daftari tupu, ulizeni kwanza alicheza nini

#1 mwl_wa_mkekani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana, huku Mbagala. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwa sasa tuna watoto 22, wa miaka miwili hadi minne, na walezi ni wawili. Wiki iliyopita mzazi mmoja amemhamisha mwanawe, na sababu alinieleza bila kuficha: "Mwalimu, kila siku nikimuuliza mmefanya nini, ananijibu tumecheza. Ada yote hii ya kucheza? Si angecheza hapa kibarazani bure?" Alikompeleka, watoto wa umri huo wanakaa kwenye madawati toka saa mbili mpaka saa sita, wanajaza kurasa za a, e, i, o, u. Wanarudi na daftari limejaa vema nyekundu, mzazi anaona pesa yake imefanya kazi.

Simlaumu hata kidogo. Anatoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia, na lile daftari ndilo linalomwambia mtoto ameshindaje. Kosa ni letu walezi. Hatujawahi kukaa na wazazi tukawafungulia kilichomo ndani ya neno "tumecheza". Acha nijaribu leo.

Jumanne niliweka beseni la maji uani, vikombe vya plastiki vya kila ukubwa, na chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoikata katikati. Mtoto wa miaka mitatu na miezi miwili akachuchumaa hapo. Akajaza kikombe kirefu chembamba mpaka juu, akamimina kwenye bakuli pana. Maji yakalala chini, hayakufika hata nusu. Akalitazama bakuli. Akageuza kikombe akachungulia ndani, kama kwamba maji mengine yamejificha humo. Akajaza tena, akamimina tena, safari hii polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alirudia mara saba, nilikuwa nahesabu. Hakuna aliyemwambia arudie. Mtoto huyohuyo ukimkalisha na penseli, dakika tatu nyingi.

Halafu akaja mwenzake, akakitaka kikombe kilekile. Miezi minane nyuma mtoto huyu angeuma. Alikuwa anauma kweli, nimepokea malalamiko ya wazazi. Safari hii alikibana kifuani, akasema "ngoja nimalize", akamimina mara mbili, akampa. Sikuingilia. Ukiniuliza siku ile amejifunza nini, nitakwambia amejifunza ujazo, amejifunza kusubiri na kusubirisha, na amepata maneno ya kutumia pale ambapo zamani alikuwa anatumia meno. Nyumbani alisema tumecheza.

Tuje kwenye mkono, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokosana na mimi. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa vinane. Mtoto anapozaliwa, hapo pana gegedu tupu, yaani kitu laini ambacho bado hakijawa mfupa. Vifupa vinajitokeza kimoja baada ya kingine, na wa miaka mitatu bado anavyo vichache tu. Vyote vinane havitimii mpaka mtoto anakaribia miaka kumi au ameivuka. Ndiyo maana wa mwaka mmoja na nusu anashika kalamu kwa ngumi, kama mtu anayesonga ugali. Wa miaka miwili na nusu anaigeuza, vidole vyote vinaelekea chini. Ule mshiko wa vidole vitatu unaoutaka wewe huja taratibu, baina ya miaka mitatu na nusu na mitano hivi. Ukimlazimisha kabla, anabuni mshiko wake wa kujiokoa: kidole gumba anakificha ndani, bega linapanda, karatasi inatoboka. Nimewapokea wa namna hiyo kutoka kwingine, na kuja kuubadilisha mshiko ni kazi kuliko kuufundisha.

Kinachoandaa mkono ni kufinyanga udongo, kukamua kitambaa chenye maji, kumenya ndizi, kufungua na kufunga mifuniko, kubeba kindoo, kuning'inia kwenye tawi. Nguvu inaanzia begani, vidole vinafuata nyuma. Mtoto anayeparamia mpera yuko njiani kwenda kuandika.

Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mkiona mtoto wa miaka miwili na nusu ameweka kipande cha ubao sikioni, anasema "haloo bibi, umeamkaje", msipite tu. Anajua fika kwamba ule ni ubao. Amekubali kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Na herufi ni nini, kama si mchoro unaosimama badala ya sauti? Mtoto ambaye hajashiba ubao kuwa simu, kifuniko kuwa sahani, kanga iliyoviringishwa kuwa mtoto mgongoni, ukimwonyesha "m" anaona kitu chenye miguu mitatu. Atakariri, ndiyo. Kesho ukiiandika "m" hiyohiyo kubwa kidogo au kwa rangi nyingine, haitambui.

Kwenye mchezo wa genge, watoto wakijifanya wanauza chakula, ndipo hata tabia inapojengwa. Aliyekuwa mama ntilie hawezi kula chakula cha wateja. Anatamani, lakini mama ntilie hali, anapakua. Anajizuia mwenyewe kwa sababu mchezo unamtaka. Mimi na fimbo yangu nisingempata hapo.

Karibuni tujadili.

#2 baba_wa_kijichi

Mwalimu, umeandika vizuri, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Mwanangu anatimiza minne mwezi wa tano. Shule za mchepuo wa Kiingereza ninazozijua zinafanya usaili kabla ya kumpokea mtoto. Wanataka aandike jina lake, ahesabu mpaka mia. Nikisema nimpeleke ya serikali, darasa la awali la mtaani kwetu mwalimu ni mmoja, watoto wamekaa chini wamebanana mpaka mlangoni. Mle ndani asiyejua chochote nani atamwona? Wewe unaongelea vifupa vya mkono, mimi naongelea nafasi ya mwanangu. Na mtoto wa jirani yangu ana miaka mitatu na nusu, anasoma mabango ya dukani.

#3 mwl_wa_mkekani

Kaka, hoja yako ni nzito, siwezi kuikwepa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walifurika, na hilo lilikuwa jambo jema, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Kwa hiyo uliyoyaona mlangoni ni kweli. Mimi nasema deni hilo ni la watu wazima. Tusimlipishe mtoto wa miaka mitatu.

Sasa tutazame hicho kinachoulizwa kwenye usaili. Kuhesabu mpaka mia: mtoto anaweza kuziimba zote mia bila kukosea, ukimwambia niletee vijiko vinne akaleta kiganja kizima. Namba kwake ni wimbo. Hapa kwetu kila siku saa nne mtoto mmoja ana zamu ya kupanga vikombe vya uji. Anagusa vichwa vya wenzake kimoja kimoja, anarudi mezani, anapanga. Vikipungua kuna mtu amenuna hana uji, na aliyepanga anajua amekosea kabla sijafungua mdomo. Anaongeza kimoja. Huyo akifika miaka mitano mwambie ahesabu, atahesabu vitu.

Na herufi sijazifukuza, tafadhali. Kila mtoto ana msumari wake wa kutundikia mfuko, na jina lake limeandikwa juu yake. Wengi wakikaribia miaka minne wanalijua la kwao na la rafiki yao. Tunasoma hadithi kila siku kabla ya kulala, kitabu kimoja mpaka kurasa zimelegea, na wananisahihisha nikiruka neno. Mtoto wa jirani yako anayesoma mabango mwacheni asome, kama anafurahi. Ninachokataa ni kuwafunga wote madawatini kwa muda wa saa nne kwa ajili ya usaili wa mwaka kesho kutwa.

#4 mwana_wa_kisauni

Assalam aleikum. Niko Mombasa, na mjadala huu sisi tuliupitia zamani.

Miaka ya themanini wazee wetu wa Pwani walikuwa na shida mbili kwa pamoja. Watoto wa Kiislamu walikuwa wakiingia shule ya msingi nyuma ya wenzao, na mzazi hakutaka kumpeleka mtoto mdogo mahali ambapo hatasikia dini yake. Ndipo shirika la hisani la Aga Khan Foundation wakasaidia kuanzisha chekechea ndani ya madrasa. Bi Swafiya Said alizunguka misikitini na majumbani kuzungumza na wazee na kina mama. Madrasa ya kwanza ya mpango huo ilianza Liwatoni, hapa Mombasa, mwaka 1986. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Walichofanya ni kutia dini na michezo kwenye mtaala mmoja. Kulikuwa na kona ya nyumba, kona ya vitabu, na vitu vya kuchezea ni vya hapa hapa: vifuu, kumbi, makuti, makombe ya pwani. Mamangu ni katika waliouliza, madrasa gani ya kuchezea? Alimpeleka dadangu mdogo kwa shingo upande. Mwaka haujaisha yeye mwenyewe alikuwa akienda kusuka vikapu vya kutilia vitu vya watoto, maana wazazi walitakiwa washiriki, si kuleta mtoto na kuondoka.

Baadaye watafiti Mwaura, Sylva na Malmberg walilinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakachapisha matokeo 2008. Waliokwenda chekechea, ya madrasa au nyengine, walisonga mbele kiakili kuliko waliobaki nyumbani. Na wa madrasa, wale wa vifuu na makuti, waliwapita wa chekechea za kawaida. Kwa hivyo ndugu wa Kijichi, mwalimu hakukuambia jambo la kubahatisha.

#5 bi_mkubwa_unguja

Mwana wa Kisauni umenikumbusha mbali. Hapa kwetu Zanzibar Sera ya Elimu ya 2006 iliingiza maandalizi, yaani chekechea, ya miaka miwili katika elimu ya lazima, lakini vijiji vingi havikuwa na skuli ya maandalizi. Kukaja vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Watoto wanakusanyika kwenye baraza, mlezi wa hapo hapo kijijini anawasha redio, na redio inazungumza nao: simama, ruka mara tatu, tafuta mawe mawili, mwoneshe mwenzako. Inanyamaza kuwasubiri, kisha inaendelea. Vituo vyenyewe tukiviita TuTu. Nasema haya kwa wanaodhani kucheza kunataka jengo na bembea za rangi.

#6 mama_chipsi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma uzi wote, nimeishia kuumia.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi saba. Nauza chipsi, namkalisha nyuma ya meza, na ili atulie nampa simu. Anajua rangi zote kwa Kiingereza kutoka kwenye video. Lakini hasemi "mama nina njaa". Ananivuta gauni tu, ananyoosha kidole. Ukihesabu maneno yake ya Kiswahili hayazidi kumi. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa. Nifanyeje?

#7 muuguzi_wa_zamu

Dada, pole, na umefanya vizuri kuuliza. Usisubiri. Mtoto wa miaka miwili anategemewa kuunganisha maneno mawili, "mama maji", "baba twende". Wako amepita hapo kwa miezi saba. Mpeleke kliniki ya mama na mtoto, sema hivyohivyo ulivyoandika hapa, na uombe apimwe masikio. Watoto wengi wanaougua masikio mara kwa mara husikia kama mtu aliyezama majini, na nyumbani wanaonekana wakaidi. Inawezekana ni masikio, inawezekana ni simu, inawezekana ni jambo jingine. Wacha wamwone.

Kuhusu simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Mwongozo huohuo unataka atembee, akimbie, apande, achezecheze kwa jumla ya saa tatu kwa siku. Ubongo wa umri huu unaunganisha seli zake kwa zaidi ya miunganiko milioni moja kwa sekunde, na kinachoijenga ni kupokezana: mtoto anatoa sauti, mtu anamjibu, mtoto anajibu tena. Video inaongea, lakini haimjibu yeye.

Usivunjike moyo kwa kukosa vifaa. Nikuambie habari ya Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 mjini Kingston walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wa miezi tisa mpaka ishirini na minne. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa jamii, si maprofesa. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na maboksi, akakaa na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza naye. Miaka 20 baadaye wakatafutwa. Waliochezewa vile walikuwa wanapata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Kila nikiwaza makopo yale napata nguvu ya kusema na kina mama wa foleni ya chanjo.

#8 mwl_wa_mkekani

Marahaba, mama chipsi. Fanya alivyosema muuguzi, na wakati unasubiri siku ya kliniki, anza hapohapo mezani. Mpe beseni dogo na viazi vitano ambavyo hujavimenya. Acha avioshe. Wewe kazi yako ni kusema unachokiona, kwa maneno machache: "Unaosha kiazi. Kiazi kikubwa. Kimeanguka!" Kisha nyamaza, mtazame usoni, mpe muda wa kujibu. Muda mrefu kuliko unavyodhani, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Akinyoosha kidole kwenye maji usimpe kimyakimya, sema "maji, unataka maji", ndipo umpe. Usimkatalie mpaka aseme. Hiyo inamtia hasira na haimsaidii. Siku za mwanzo bila simu atalia sana. Wateja watakuangalia. Vumilia, mama.

Kuna watu wameniuliza pembeni watajuaje kituo kizuri. Kwanza usajili: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Ustawi wa Jamii, omba uonyeshwe cheti. Kisha nenda saa nne asubuhi bila kutoa taarifa, usimame mlangoni usikilize. Kukiwa kimya kabisa, ogopa. Sauti unayoitaka ni ya watoto wanaoongea wao kwa wao, siyo ya mwalimu mmoja na kundi linaloitikia. Tazama vitu vya kuchezea viko wapi. Vikiwa juu ya kabati, visafi, vimepangwa, basi vimewekwa kwa ajili yako. Tazama magoti ya mlezi, kama yana vumbi. Tazama mtoto akianguka nani anamkimbilia, na anainama mpaka usawa wa macho yake au anamwinua kwa mkono mmoja. Choo na maji ya kunawa utavikagua mwenyewe, hilo sina haja ya kukwambia.

Majengo yasikuhadae. Nimefanya kazi mahali penye kila kitu, ukuta umechorwa wanyama wote wa Mikumi, na watoto walikuwa wanatoka nje dakika kumi na tano tu kwa siku.

#9 baba_wa_kijichi

Mwalimu, nimerudi. Jumapili nilizima televisheni, nikakaa mkekani na mwanangu saa nzima. Nakiri dakika kumi za mwanzo sikujua la kufanya, nilikuwa nampa amri tu, panga hivi, siyo hivyo. Mama yake akaniambia mwache akuongoze. Akanifanya abiria. Viti vinne vya plastiki ndiyo daladala, yeye konda. Akanidai nauli. Nikampa kifuniko kimoja, akasema hakitoshi, mia sita. Nikampa vingine, akanirudishia chenji. Kisha akaniambia nisogee, kuna mama ana mtoto. Sikumfundisha hilo mimi. Ameliona kwenye gari, akalihifadhi, na mimi nilikuwa sijui kwamba analiona.

Suala la usaili bado linaniumiza kichwa, siwezi kusema limeisha. Nimeamua nitamwacha mwaka huu wote acheze, hizo herufi tutaanza taratibu akifika minne na nusu. Swali langu sasa: nimemwekea kopo la maharage makavu ajifunze kuhesabu na kumimina. Mdogo wake ana mwaka mmoja na miezi minne, naye yumo. Kuna ubaya?

#10 mwl_wa_mkekani

Kaka, nashukuru sana kwa huo mkeka. Maharage yaondoe leo, huyo mdogo bado kila kitu anakipeleka mdomoni. Harage likiingia njia ya hewa linaziba, na likiingia puani au sikioni linavimba kwa unyevu, kulitoa mpaka hospitali. Karanga, shanga ndogo, gololi na betri bapa za saa na rimoti ni vivyo hivyo. Betri ndiyo mbaya zaidi, inaunguza koo kwa muda mfupi sana.

Kipimo tunachotumia hapa kituoni ni kile kiini cha karatasi ya chooni. Kitu chochote kikipenya humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu hakishiki. Vifuniko vya soda ulivyolipia nauli vinapenya, kwa hiyo navyo viwe vya mkubwa peke yake, mdogo akiwa amelala. Wakiwa pamoja tumia mifuniko ya makopo makubwa ya mafuta ya kupaka, vikombe vikubwa vya plastiki, au machungwa mazima. Machungwa ni mazuri, yanaviringika, yananukia, na mdogo atajifunza kumrudishia kaka yake.